Mwanzo wa Filamu na Mkono wa Makasi

Kuna watu wengi wanaoingia katika sinema wakichelewa, tena bila haya. Picha zimekwisha kuanza, nao wanatafuta kiti gizani, wanakanyaga miguu ya wenzao, na ukiwaonya wanakujibu: «Mwanzo si kitu, hadithi yenyewe bado.» Siku hizi, filamu zinapotazamwa hata katika simu, uvivu huo umepata mtumishi wake: kuna kitufe cha kubonyeza, na mara majina na muziki wa mwanzo vinarukwa. Basi, wasomaji wapenzi, nataka leo kuwatetea wale wanaofika mapema. Nasema kwamba katika filamu nzuri dakika tano za kwanza ndizo zilizofanyiwa kazi nyingi kuliko zote, na kwamba mtu aliyezikosa ameikosa filamu, hata akikaa mpaka taa ziwashwe.

Lakini kwanza tujue filamu inafanywa namna gani. Wengi wanadhani kamera inawekwa mahali, watu wanacheza hadithi tangu mwanzo hata mwisho, na kazi imekwisha. Sivyo. Wapiga picha wanaleta vipande mamia na mamia, vingine vya dakika mbili, vingine vya sekunde mbili, tena bila utaratibu: kifo cha baba kimepigwa picha Jumatatu, na arusi yake Ijumaa. Halafu mtu mmoja anakaa mezani. Zamani alikuwa na makasi na gundi, na utepe mrefu wenye picha ndogo ndogo, ambazo 24 zinapita machoni petu kwa kila sekunde tangu sinema ilipopata sauti. Leo ana kompyuta. Kazi ni ileile: kuchagua, kukata, kuunga. Wenye kusema Kifaransa wanaiita montaji. Mtu huyu hatumwoni, jina lake linapita upesi wakati tunapotafuta viatu vyetu chini ya kiti, na hata hivyo yeye ndiye anayeamua ni lini tutacheka na ni lini tutaogopa.

Mwanzoni kabisa hapakuwa na makasi. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Lumière walipowaonyesha watu wa Paris picha zao katika Grand Café, kila filamu ilikuwa kipande kimoja cha sekunde 50 hivi: wafanyakazi wanatoka katika kiwanda, basi. Watu walistaajabu kuona majani ya miti yakitikisika. Mwenzao mmoja, Georges Méliès, aliyekuwa mfanya mazingaombwe, alisimulia baadaye kwamba siku moja alipokuwa akipiga picha katika uwanja wa Opéra mashini yake ilikwama kidogo, kisha ikaendelea. Na alipotazama picha zile aliona gari la abiria limegeuka ghafula kuwa gari la maiti. Kama kisa hicho ni cha kweli au amekipamba, mimi sijali sana. Mwenye kusimulia alikuwa mganga wa macho. Maana yake ndiyo kubwa: kati ya picha mbili kuna ufa, na ndani ya ufa ule lolote linaweza kutokea.

Hata habari ya mwanzo wa filamu ilikuwa ya mchezo siku zile. Mwaka 1903 Edwin Porter, huko Marekani, alitengeneza filamu juu ya wanyang'anyi wa treni. Ndani yake kuna kipande kimoja kisichokuwa na mahali pake katika hadithi: mnyang'anyi mmoja, uso wake umejaa kioo, anaelekeza bastola kwa watazamaji na kupiga. Wenye majumba ya sinema waliambiwa kwamba wanaweza kukiunga mwanzoni au mwishoni, wapendavyo. Fikiri kidogo, msomaji. Kikiwekwa mwishoni, ni mzaha wa kuwaamsha watu waende nyumbani. Kikiwekwa mwanzoni, filamu nzima imebadilika: kwa dakika zote zinazofuata unamngoja mtu yule, unajua uso wake, unajua kwamba hana huruma. Kipande ni kilekile, hakuna picha hata moja iliyoongezwa. Mahali pake ndipo pamezaa hofu.

Jambo hilo lilifanyiwa majaribio huko Moscow, baada ya mapinduzi ya 1917, na mwalimu mmoja jina lake Lev Kuleshov. Alichukua picha ya uso wa mchezaji Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha neno lolote. Akaunga uso ule na sahani ya supu. Akauunga tena na jeneza. Akauunga na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu sana mchezaji: tazama anavyoona njaa, tazama anavyohuzunika, tazama anavyotamani! Kumbe uso ulikuwa uleule. Njaa na huzuni vilitoka ndani ya watazamaji wenyewe.

Hapo ndipo siri yote ya makasi. Anayeunga vipande viwili hatuambii neno. Anatuachia nafasi tuseme wenyewe. Na mwanzo mzuri ni ule unaotuachia nafasi hiyo mapema, kabla hatujazoea kukaa kimya.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Afrika, nalo si dogo. Zamani za ukoloni walikuwako mabwana waliofundisha kwamba Mwafrika hawezi kuelewa filamu iliyokatwa. William Sellers, Mwingereza aliyeonyesha filamu za afya huko Nigeria, kisha akashika kazi katika ofisi ya filamu za makoloni iliyoanzishwa London mwaka 1939, alishauri picha ziende polepole, vipande viwe virefu, kamera isihamehame, na hadithi ifuate saa baada ya saa bila kuruka. Mawazo ya namna hiyo yalienea katika Kongo ya Wabelgiji pia. Mwaka 1952 kilitolewa huko Bruxelles kitabu cha L. Van Bever, ambacho jina lake latosha: Sinema kwa ajili ya Waafrika. Kana kwamba tuna macho ya namna yetu peke yetu.

Watu waliopenda mafundisho hayo walirudia mara nyingi kisa cha kuku. Kisa ni hiki. Bwana mmoja mkaguzi wa afya alionyesha kijijini filamu ya dakika tano hivi: mtu anaokota makopo, anaondoa maji yaliyotuama, yote kwa utaratibu, taratibu kabisa. Baadaye watu waliulizwa wameona nini. Wakajibu: tumeona kuku. Mabwana walishangaa, maana hawakujua kwamba kuna kuku katika filamu yao. Walipoitazama tena picha kwa picha, kweli kuku alikuwako, amepita pembeni kwa sekunde moja. Wakaandika kwamba wanakijiji hawajui kutazama picha nzima.

Mimi nasoma kisa hicho kwa namna nyingine. Wale watu walikuwa na macho makali kuliko mwenye filamu. Walionyeshwa makopo kwa dakika tano, nao makopo wanayajua. Katika dakika zote hizo kitu kimoja tu kilitokea ambacho hakikungojewa, kitu chenye uhai, kilichoshtuka na kukimbia: kuku. Filamu isiyo na mwanzo, isiyotuuliza swali lolote, hutufanya tutafute kuku. Mimi pia nimekwisha kumtafuta mara nyingi, katika sinema za watu wakubwa.

Na zaidi ya hayo, nani asemaye kwamba kukata ni jambo geni kwetu? Msikilize mzee anaposimulia usiku, moto ukiwaka. Sungura yuko mtoni anaiba maji. Mzee ananyamaza kidogo, anasogeza kuni, kisha anasema: «Huku nyuma, nyumbani kwa Chui…» Hakuna mtoto anayeuliza: tumefikaje kwa Chui, tumepita njia gani? Neno lile «huku nyuma» ni makasi. Limekata mto, limeunga nyumba, na watoto wote wameruka pamoja na mzee bila kujikwaa. Griffith wa Marekani alisifiwa kwa kuruka hivyo kati ya mahali na mahali katika filamu zake za tangu 1908. Bibi zetu walikuwa wakiruka hivyo bila kusifiwa na mtu.

Haifai kusahau kwamba wengine waliotengeneza filamu huku hawakufuata ushauri ule kwa ubaridi. Katika Kasai, miaka ya 1950, Padri Van Haelst wa Scheut alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba, na watu walizipenda kwelikweli. Wazo la kwamba mtazamaji ni mtoto wa kufundishwa lipo ndani yake, siwezi kulificha. Lakini kichekesho kina sheria zake, hakingoji: mtu akichelewa kuanguka, hakuna anayecheka.

Jibu lililo zuri zaidi lilitoka Senegal. Ousmane Sembène, aliyekuwa mfanyakazi wa bandari ya Marseille na mwandishi wa vitabu, alikwenda kusoma sinema huko Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, mji uleule wa Kuleshov. Mwaka 1966 alitoa filamu yake *La Noire de…*, ya saa moja hivi, na mwaka uleule ikapata tuzo ya Jean Vigo huko Ufaransa. Mwanzo wake nauhesabu kati ya mianzo bora ninayoijua.

Meli kubwa inaingia bandarini. Hatuambiwi imetoka wapi. Anashuka msichana Mwafrika, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda arusini. Sauti yake ya ndani, ambayo hakuna mwingine anayeisikia ila sisi, inauliza kama kuna mtu anayemngoja. Hilo tu. Bwana mmoja Mfaransa anamchukua kwa gari, njia nzuri kando ya bahari, anamsifia nchi yake. Msichana anajibu maneno machache ya adabu. Halafu nyumba ya ghorofa huko Antibes: kuta nyeupe, jiko, bafu. Ukutani imetundikwa kinyago kimoja cha Kiafrika, peke yake katika weupe ule.

Hakuna aliyetueleza kitu. Lakini swali la msichana limekwisha kuingia ndani yetu: je, kuna mtu anayemngoja? Yuko bwana, naam, na yuko bibi, lakini wanangoja mikono yake, hawamngoji yeye. Tunalijua hilo kwa sababu ya picha zilivyopangwa. Njia ya bahari ni ndefu na nzuri, kisha pap! tumo ndani, na tangu hapo mlango haufunguki tena. Sembène angekata vipande vya njia ile viwe vifupi zaidi, tusingeona msichana alichoahidiwa. Angeirefusha zaidi, ingekuwa filamu ya matembezi.

Kisha Sembène anafanya kile hasa kilichokatazwa na mabwana wa London. Anarudi nyuma. Diouana, ndilo jina la msichana, anapanga vyombo huko Antibes, na mara tupo Dakar, siku alipotafuta kazi. Wanawake wengi wanakaa kando ya njia wakingoja bibi wa Kizungu aje kuchagua mtumishi. Bibi anapofika, wote wanasimama na kumzunguka kwa kelele. Diouana peke yake haendi mbio, na kwa sababu hiyo anachaguliwa. Filamu inakwenda na kurudi namna hiyo, Antibes na Dakar, leo na jana, na sijapata kumsikia mtazamaji hata mmoja aliyepotea. Mwisho wake ni mchungu, sitausimulia kwa wale ambao hawajauona. Nasema tu kwamba kinyago kile cha mwanzo hakikutundikwa bure.

Nimetaja mtu anayekaa wakati wengine wanakimbilia kazi, kwa sababu picha hiyo inanikumbusha nyingine iliyopigwa Roma karibu miaka ishirini kabla. Ni *Wezi wa Baisikeli* ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948. Mkono wa makasi ulikuwa wa Eraldo Da Roma. Mwaka 1995 Vatikano ilipotoa orodha ya filamu 45 za kukumbukwa katika miaka mia ya sinema, hiyo ilikuwamo. Inaanza na kundi la wanaume wasio na kazi, vita imekwisha juzi. Karani amesimama juu ya ngazi na karatasi zake, anaita majina. Anaita: Ricci! Hakuna jibu. Anaita tena. Mwenzake mmoja anakwenda mbio kumtafuta, naye Ricci amekaa chini huko mbali, amekata tamaa hata ya kusikiliza. Ameitwa kwenye maisha yake, na hakusikia.

Anapewa kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini lazima awe na baisikeli, ile tunayoiita kinga huku kwetu. Anayo, lakini ameiweka rehani. Sasa tazameni De Sica anavyofanya. Mke wa Ricci, Maria, anavua mashuka ya kitanda, anayafunga, wanakwenda kuyaweka rehani ili baisikeli itoke. Fedha zinahesabiwa. Filamu nyingine ingekatia hapo, maana hadithi imepata inachotaka: baisikeli imepatikana, twende. Lakini De Sica anabaki kidogo. Ricci anachungulia ndani ya duka la rehani na kumwona mtumishi akibeba mashuka yao, anapanda juu, juu zaidi, kwenye rafu ndefu kama ukuta wa kanisa, na rafu zote zimejaa mafungu ya mashuka ya watu wengine.

Kipande kile ni cha sekunde chache. Kabla yake tulikuwa na familia moja maskini. Baada yake tuna mji mzima unaolala bila mashuka. Sauti yoyote ambayo ingetuambia «Roma ilikuwa na maskini wengi siku zile» ingekuwa takataka mbele ya picha hiyo. Na baisikeli inapokuja kuibiwa, hatulii kwa ajili ya chuma na magurudumu mawili, tunayakumbuka mashuka.

Mwanzo mwema, basi, si lazima uwe na kelele. Wala si lazima uwe na vipande vingi. Mwaka 1958 ilitoka *Touch of Evil* ya Orson Welles, ambayo inaanza na kipande kimoja tu cha dakika tatu na zaidi, bila kukatwa hata mara moja. Mikono inatega saa ya bomu; mtu anakimbia, analiweka nyuma ya gari; mwanamume na mwanamke wanaingia garini wakicheka, wanaondoka. Kamera inapanda juu ya nyumba, inashuka, inalifuata gari katika mitaa ya mji ulio mpakani mwa Mexico na Marekani. Bibi na bwana wengine, waliooana juzi, wanatembea kwa miguu karibu na gari lile. Gari linawapita, wao wanalipita, wanakutana tena kwa askari wa mpaka. Kila mara tunasema moyoni: ondokeni hapo! Mwishowe wale wawili wanabusiana, na mlipuko unasikika. Hapo ndipo makasi ya kwanza. Welles angekata mapema, tungepumua; kwa kuwa hakukata, saa ile ya bomu imekuwa saa yetu.

Habari yake inayonifurahisha zaidi ni hii. Kampuni iliyotoa fedha haikuridhika na filamu. Ikamwondoa Welles kwenye meza ya makasi, ikaibadilisha, na juu ya mwanzo ule ikabandika majina ya wachezaji na muziki wa ngoma. Welles aliandika barua ya kurasa 58 akieleza neno kwa neno alilotaka. Hawakufuata ila kidogo. Alikufa mwaka 1985. Mwaka 1998 Walter Murch, fundi mkubwa wa kukata na kuunga picha na sauti, aliichukua barua ile na kuitengeneza filamu upya. Majina yaliondolewa. Muziki pia uliondolewa, na mahali pake zikawekwa sauti za mitaa: redio za garini, muziki unaotoka milangoni mwa baa, mbuzi. Sasa tunalijua gari lenye bomu kwa redio yake; likiwa mbali tunalisikia. Picha hazikuguswa. Makasi ya sauti peke yake yalirudisha hofu ambayo majina na ngoma viliifukuza. Wanaobonyeza kitufe cha kuruka wangefaa kuzitazama mbili hizo, moja baada ya nyingine.

Juu ya hofu niongeze neno moja. *Jaws* ya mwaka 1975, ambayo Verna Fields aliipatia tuzo ya Oscar kwa kazi ya kuunganisha picha, inaanza na msichana anayeogelea baharini usiku. Papa hatumwoni. Tunamwona msichana akivutwa chini, akivutwa huku na huku, kisha maji yanatulia. Papa wa mashini waliyemtengeneza alikuwa anaharibika kila siku majini, na shida hiyo ikawa bahati. Mkata picha mwenye akili anajua kwamba meno ambayo hayajaonyeshwa ni marefu zaidi.

Kuna filamu nyingine ambayo Mkristo hawezi kuipita kimya, nayo ni *The Godfather* ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1972. Inaanza gizani, na sauti ya mtu. Kisha uso wake: mzee mzika maiti, mhamiaji kutoka Italia, anasimulia jinsi binti yake alivyopigwa na vijana, na jinsi hakimu alivyowaachilia. Kamera inarudi nyuma polepole sana, karibu dakika tatu, mpaka tunaona bega na mkono wa mtu anayesikiliza. Tulidhani tunasikilizwa sisi. Kumbe yupo mwingine gizani aliyekuwa akisikiliza wakati wote, naye ndiye mwenye kutoa haki katika nyumba ile. Halafu, pap! mlango, jua kali, arusi ya binti wa bwana mkubwa, watu wanacheza. Giza na jua, jua na giza: kwa nusu saa ya kwanza makasi yanatupeleka ndani na kuturudisha nje, mpaka tunaelewa kwamba keki ya nje imelipwa na maneno ya ndani.

Na mwanzo huo unafungua mlango wa kile kinachotisha karibu na mwisho. Mtoto mchanga anabatizwa (mtoto yule alikuwa binti wa Coppola mwenyewe), padri anamwuliza msimamizi, Michael, kama anamkataa Shetani na kazi zake zote. Anajibu kwamba anamkataa. Na kati ya swali na jibu, makasi yanatuonyesha watu aliowatuma Michael wakiwaua adui zake, mmoja baada ya mwingine, kinanda cha kanisa kikiendelea kulia juu ya yote. Msomaji ataniuliza: je, si kuidharau Sakramenti? Mimi naona ni kinyume chake. Kama maneno ya ubatizo hayakuwa na uzito, picha zile zingekuwa mauaji tu, na mauaji tumeyaona mengi. Maneno yana uzito, ndiyo maana uongo wa Michael unatusimamisha nywele. Lakini watoto wasiitazame filamu hii, hilo nakubali mara moja.

Sasa niseme kidogo juu ya mianzo mibaya, maana inauzwa sokoni kwa wingi. Wa kwanza ni ule wa sauti inayotusimulia yote: mtu huyu ni fulani, alizaliwa mahali fulani, ana wivu. Basi tutazame nini? Wa pili ni ule wa filamu nyingi za video zinazotengenezwa katika miji yetu ya Afrika: mlinzi anafungua lango, gari linaingia, linasimama, bwana anashuka, anafunga mlango wa gari, anatembea, anapanda ngazi, anabisha hodi, anafunguliwa, anakaa, anauliza habari za watoto. Dakika nne. Najua fedha ni kidogo na muda ni mfupi, wala siwacheki wanaofanya kazi kwa kamera moja. Lakini makasi hayaombi fedha. Bwana akikata lango na ngazi, akaanza na uso wa mke unaosikiliza gari likiingia, amepata filamu nyingine bila kulipa faranga moja. Na wa tatu ni mwanzo wa Wazungu wanaotuijia na kamera: jua linatua, simba, ngoma. Tukiona hivyo tunajua kwamba mwenye filamu hakufika.

Wenzetu wengine wamekwisha kuonyesha njia. Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Benoît Lamy, walimchukua Papa Wemba mwaka 1987 katika *La Vie est belle*, wakamtoa kijijini na kumpeleka Kinshasa kutafuta muziki; tunacheka naye tangu safari, na mtu akicheka mapema husamehe mengi baadaye. Mwaka 1999 huyohuyo Ngangura alichukua tuzo kubwa ya Ouagadougou.

Lakini nikiambiwa nichague mwanzo mmoja wa Kiafrika wa kuwaonyesha vijana wa parokia, pamoja na ule wa Sembène, nitachukua *Touki Bouki* ya Djibril Diop Mambéty, Msenegali pia, ya mwaka 1973. Mvulana amepanda ng'ombe, kundi lenye pembe ndefu linamfuata polepole, na filimbi inalia. Ni picha ya amani. Makasi: tupo machinjioni, ng'ombe wanavutwa kwa kamba, damu imejaa sakafuni. Makasi tena: kijana Mory yuko njiani juu ya pikipiki, na mbele ya pikipiki amefunga fuvu la ng'ombe na pembe zake.

Hakuna aliyesema neno, nasi tumekwisha kuogopa kwa ajili ya Mory, ambaye hatujamjua hata jina. Yeye na mpenzi wake Anta wanataka kwenda Paris kwa meli. Filamu nzima wanatafuta fedha za tiketi, na kwa kila hila yao tunaikumbuka kamba ile ya machinjioni bila kuambiwa. Siku ya kuondoka, Anta anapanda melini. Mory anasimama, anageuka, anakimbia kurudi mjini. Na Mambéty, ambaye angeweza kutuonyesha meli ikitoweka baharini kama wengine wote wanavyofanya, anamrudisha mvulana yule wa kwanza, juu ya ng'ombe wake, na kundi linakuja nyuma yake.